Mvua Haingoji Waraka

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Songea)



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, mkulima wa Songea husimama kandoni mwa shamba lake alilokwisha kulitayarisha, akaitazama milima ya Matogoro. Anajiuliza swali moja: je, mvua iliyonyesha jana ni mvua ya kupandia, au ni mvua ya kumdanganya? Akipanda upesi na mvua ikakatika kwa majuma matatu, mbegu imepotea na fedha ya mbegu imepotea. Akichelewa, kiangazi kitayakuta mahindi yake kabla hayajakomaa. Baba yake alilijibu swali hilo kwa uzoefu wa miaka mingi. Yeye mwenyewe, kila mwaka unaopita, anauona uzoefu huo ukipungua thamani.

Wengi hudhani kwamba katika swali hilo wamo wawili tu, mkulima na mbingu. Dhana hiyo si kweli. Yumo na wa tatu, naye ni Serikali. Mbegu iliyo mkononi mwa mkulima ilipitishwa na Serikali. Bei atakayoipata itategemea kama Serikali imefungua ghala lake au imelifunga, imeruhusu mahindi yavuke mpaka au imezuia. Barabara itakayopitisha mbolea ni ya Serikali. Bwana shamba atakayemshauri, kama yupo, ni mtumishi wa Serikali. Kwa hiyo inapozungumzwa habari ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, hapana budi kuanza na swali hili: Serikali ya nchi huiongozaje kazi hiyo, na huiongoza kwa nyenzo zipi?

Kwanza ni vema maneno yaeleweke. Dunia inazungumza juu ya kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia, na mzigo mkubwa wa kazi hiyo ni wa nchi zilizojenga viwanda vyake kwa makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya miaka mia moja. Ya pili ni kuhimili, maana yake kubadili kilimo, maji, makazi na afya ili watu waweze kuishi na hali mpya. Tanzania imechangia kidogo sana katika kuichafua hewa ya dunia, lakini kazi hii ya pili haiwezi kuikwepa. Mwenye hatia na mwenye kuumia, katika jambo hili, si mtu mmoja. Huo ni unyonge wa kweli, na ni haki ya nchi maskini kuendelea kuusema katika kila mkutano wa mataifa. Lakini kuusema hakuoteshi mahindi.

Hali ya mkoa wa Ruvuma ikoje? Mwaka 2003 Tanzania iliupelekea Umoja wa Mataifa taarifa yake ya kwanza juu ya tabianchi. Wataalamu waliofanya makadirio walijiuliza: hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, mahindi yatakuwaje? Walikadiria kwamba mavuno ya nchi nzima yangepungua kwa wastani wa asilimia 33. Katika mikoa ya kati upungufu ungefikia asilimia 84. Katika Mbeya na Songea ungekuwa kati ya asilimia 10 na 15.

Makadirio si unabii, na elimu ya mambo haya imeendelea sana tangu wakati huo. Hata hivyo yanaonyesha jambo ambalo mtumishi wa Ruvuma hana budi kulitafakari. Msomaji wa haraka atafurahi na kusema: Songea imenusurika. Msomaji makini ataona kwamba kadiri mikoa mingine itakavyozidi kupungukiwa, ndivyo Taifa litakavyozidi kuitegemea Ruvuma. Mkoa utakaoumia kidogo ndio utakaobebeshwa mengi. Wala si Taifa peke yake. Mwaka 2024 Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na Tanzania ikakubaliana na Zambia kuiuzia mahindi. Malawi iko ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Njaa yake inaonekana kutoka pwani ya Mbamba Bay.

Ruvuma haikuwa ghala la mahindi kwa baraka ya mvua peke yake. Ghala hilo lilitengenezwa na maamuzi ya Serikali, na historia yake ni darasa zima la siasa ya kuhimili, hata kama wakati huo hapakuwa na mtu aliyeliita kwa jina hilo.

Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliilazimisha nchi kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo, na fedha za kigeni zikakauka kama visima. Serikali ikachukua hatua. Katikati ya miaka ya 1970 iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ikatoa mbolea kwa ruzuku, na ikalipa Shirika la Usagishaji la Taifa kazi ya kununua. Maana yake ni kwamba mkulima wa Songea, aliye mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 900, alilipwa sawa na mkulima aliye karibu na soko. Gharama ya usafiri ilibebwa na Taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea ikajengwa kwa msaada wa Uingereza. Wakulima wakaitikia. Ruvuma, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, ikawa miongoni mwa mikoa minne iliyolilisha Taifa.

Kisha maamuzi yakageuka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 bei moja ililegezwa, na katika miaka ya kwanza ya 1990 ruzuku ya mbolea ikaondolewa hatua kwa hatua. Zilikuwapo sababu za kufanya hivyo: Shirika lilikuwa limezama katika madeni, na hazina haikuwa na uwezo wa kuendelea kulibeba. Lakini mkulima aliyekwisha kuizoesha ardhi yake mbolea alibaki na ardhi yenye njaa. Baadaye, mwaka 2008, ruzuku ilirudi kwa njia ya vocha, ikakoma, na mwaka 2022 ikarudi tena kwa wakulima walioandikishwa.

Somo la historia hiyo ni lipi? Katika maisha ya mkulima mmoja, siasa ya Serikali imebadilika mara nyingi kuliko hali ya mvua. Mtaalamu anayemwambia mkulima huyo abadili mbegu kwa sababu tabianchi imebadilika, asishangae akiulizwa: na nyinyi mtabadilika lini tena? Kuhimili ni kazi ya miaka 20 au 30. Haiwezi kusimama juu ya bei na ruzuku zisizojulikana zitadumu misimu mingapi.

Mwaka 2017 ulitoa mfano mwingine. Baada ya ukame uliotangulia, Serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ili kulinda chakula cha wananchi. Nia ilikuwa njema. Lakini mikoa ya kusini ilikuwa imevuna vizuri, bei ikaanguka, na mkulima aliyefanya kila alichoshauriwa akabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye kanda yake hapa Songea, una kazi ya kununua akiba. Lakini ghala haliwezi kumeza mavuno yote ya mkoa. Kulinda mlaji kwa gharama ya mkulima ni kuhimili kwa leo na kudhoofika kwa kesho, kwa maana mkulima aliyepata hasara mwaka huu hatanunua mbegu bora mwaka ujao. Zuio hilo liliondolewa baadaye, na hilo ni la kusifiwa. Lakini linafundisha kwamba waraka wa biashara unaweza kufuta kazi ya mkakati wa tabianchi bila hata kuutaja.

Ndugu walimu na watumishi, nyenzo nyingine ya Serikali ni amri. Hiyo nayo ina historia, na si historia tamu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Wataalamu hawakusema uongo. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, udongo wa chini usio na rutuba ulifukuliwa juu, na watu hawakuona faida. Ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukafa. Baada ya Uhuru, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa kwa haraka, wengine kutoka ardhi waliyoijua kwenda ardhi ambayo hakuna aliyekuwa ameipima. Vijiji vilileta shule, zahanati na maji, na faida hizo zipo hadi leo. Lakini pale haraka ilipotangulia mashauriano, mavuno yalipungua.

Sasa linganisheni na kilimo cha ngoro cha Wamatengo wa Mbinga. Mwezi Machi, mvua zikikaribia mwisho, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga shambani kwa miraba. Zikikauka, wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia, hata likatokea shimo lililozungukwa na matuta. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua husimama shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Mlima ulio wima namna ile, ambao pengine ungebaki mwamba mtupu, umelimwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, kilikuja kujifunza kwa wakulima hao. Wamatengo hawakupewa waraka wa kuhimili. Walikuwa na mlima, watu wengi na ardhi ndogo, wakatafuta njia.

Wala haifai kusema kwamba wananchi wakiachwa peke yao mambo yatakwenda. Ngoro ni kazi ngumu, na vijana wengi wanaikimbia. Kinachotakiwa ni Serikali inayokiona kilichopo na kukipa nguvu. Mfano mzuri uko Shinyanga. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, katika nchi iliyokuwa karibu kuwa jangwa. Maofisa wake walikuta Wasukuma wana desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Badala ya kuleta jambo geni, waliijenga kazi yao juu ya desturi hiyo, na Serikali ikaziheshimu sheria ndogo za vijiji. Katika miaka isiyozidi 20, zaidi ya hekta 300,000 za uoto zilirudi. Palepale kilipo kilio cha ukame, palipatikana kuni, dawa, malisho na maji. Serikali iliongoza, wananchi walitenda, hapakuwa na aliyemchapa mwenzake kiboko.

Hapa Songea lipo somo lingine, na ukweli unataka lisemwe. Katika miaka ya 1960 wakulima wa Litowa na vijiji vingine walijiunga katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walilima kwa pamoja, wakaendesha shule yao, wakapanga kazi zao katika mikutano yao. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja. Miaka miwili baadaye, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba wananchi washirikishwe katika kupanga mipango yao wenyewe. Kati ya tendo la 1969 na maneno ya 1971 upo umbali ambao nchi hii imekuwa ikijaribu kuutembea tangu wakati huo. Serikali zote hupenda mipango inayotoka juu, kwa sababu huhesabika kwa urahisi. Tabianchi haiji kwa namna hiyo. Inapiga Tunduru kwenye korosho kwa njia moja, Mbinga kwenye kahawa kwa njia nyingine, na Nyasa kwa wavuvi kwa njia ya tatu. Mpango mmoja uliopigwa chapa makao makuu hauwezi kuyajua yote hayo.

Je, mipango yenyewe ipo? Ipo, na haina uhaba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1996. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004, na inataka kila halmashauri iwe na Ofisa wa Mazingira na kamati yake. Mwaka 2007 ulitolewa Mpango wa Taifa wa hatua za kuhimili, ukaweka kilimo na chakula mbele, na maji nyuma yake. Mkakati wa Taifa ulifuata mwaka 2012, na mkakati mwingine wa mwaka 2021 hadi 2026. Mwaka 2018 nchi iliridhia Mkataba wa Paris. Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo yenye dhamana ya mazingira yote hayo.

Ugumu unaanzia pale karatasi inapokutana na fedha. Mpango wa 2007 uliandikwa kwa matumaini kwamba nchi tajiri zitalipa. Mwaka 2009 huko Copenhagen nchi hizo ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, na mwaka huo ukapita ahadi haijatimia. Baadhi ya fedha zimefika; mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulikubali mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Viktoria mkoani Simiyu. Zipokelewe, kwa kuwa ni haki na wala si sadaka. Lakini mpango unaosubiri fedha ya mwingine ni mpango wa mwingine.

Mei 1969, Mwalimu Nyerere alipouleta Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, hotuba yake iliitwa Kupanga ni Kuchagua. Jina hilo linatosha kuwa kipimo. Mtumishi anayetaka kujua siasa halisi ya kuhimili ya wilaya yake asifungue mkakati. Afungue bajeti ya halmashauri. Aangalie bwana shamba mmoja anahudumia vijiji vingapi, na kama ana usafiri. Aangalie kiasi kilichotengwa kulinda chemchemi za Matogoro, ambazo Mto Ruvuma huanzia huko na mji huu hunywa maji yake. Aangalie kama Ofisa wa Mazingira ana fungu, au ana cheo na kiti tu. Kilichochaguliwa kimo humo. Kisichomo hakikuchaguliwa, hata kama kimeandikwa vizuri mahali pengine.

Basi mtumishi na mwalimu wafanye nini, wakati bajeti haipitishwi na wao? Yako mambo matatu yasiyongoja fedha kutoka ng'ambo.

La kwanza ni habari. Kila mwaka, kabla mvua za msimu hazijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yenye msimu mmoja, na Ruvuma imo. Utabiri huo hufika mkoani, hufika wilayani, na mara nyingi hulala huko. Mkulima anahitaji kuambiwa kwa Kiswahili chepesi, katika mkutano wa kijiji, kabla hajanunua mbegu: mwaka huu mvua zinatarajiwa kuchelewa au kuwahi, kwa hiyo mbegu ya muda mrefu au ya muda mfupi. Aambiwe pia kwamba utabiri unaweza kukosea, na kwa kiasi gani. Anayeuficha udhaifu wa utabiri hupoteza imani ya watu mara ukikosea, na hairudi.

La pili ni kumbukumbu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe sehemu ya kijiji chake. Shule ikiwa na kipimo cha mvua, daftari, na mwalimu mmoja mwenye bidii, itaandika mvua ya kila siku kwa miaka. Watoto watajifunza hesabu za wastani kwa takwimu za kwao wenyewe, na kijiji kitakuwa na ushahidi wake. Siku halmashauri itakapokaa kupanga, kijiji chenye daftari la miaka 10 hakitaomba kwa machozi. Kitahoji kwa tarakimu.

La tatu ni kusema ukweli kwenda juu. Taarifa ya wilaya isemayo kwamba kila kitu kinakwenda vizuri ni hasara kwa Serikali, kwani mwenye kuamua akiwa gizani ataamua vibaya. Kama mbegu ya ruzuku ilifika Januari, watu wakiwa wamekwisha kupanda, iandikwe hivyo, na tarehe itajwe. Kama zuio la biashara limewatia wakulima hasara, mkoa uwe wa kwanza kulisema, kabla ya gazeti. Kiongozi anayeadhibu taarifa ya namna hiyo anajivunjia kioo chake mwenyewe. Wajibu wa kusikia ni wa aliye juu, kama ulivyo wajibu wa kusema kwa aliye chini.

Ndugu walimu na watumishi, Serikali ya nchi ina nguvu kubwa katika jambo hili. Historia ya Ruvuma inathibitisha: bei, mbolea na lami viliugeuza mkoa kuwa ghala katika muda wa miaka kumi hivi. Nguvu ileile, ikitumika kwa kigeugeu, inaweza kulibomoa ghala hilo hata mvua zikinyesha vizuri. Kinachodaiwa ni uthabiti: bei na ruzuku zinazotangazwa mapema na kuheshimiwa, watumishi walio karibu na shamba, na mipango inayoanza kwa kumwuliza mwenye shamba.

Novemba itafika tena. Mkulima atasimama tena kandoni mwa shamba, mbegu mkononi, akiitazama Matogoro. Hatajua ni mikakati mingapi imeandikwa kwa ajili yake. Atajua kama mbolea imefika, kama bwana shamba alipita, na kama mwaka jana aliuza kwa bei ya haki. Kwa mambo hayo matatu ataamua apande nini, na kiasi gani, na kwa uamuzi wake watakula wengi wasiowahi kuiona Songea.